Viggo Mortensen, Kamera na Daftari: Mtu Aliyechoka Kukatwa

Mtaje Viggo Mortensen mbele ya watu wa muvi, karibu wote watakuambia Aragorn, yule mfalme mwenye nywele chafu kwenye The Lord of the Rings, na stori inaishia hapo. Wachache watakumbuka Eastern Promises ya 2007 au Green Book ya 2018. Sasa jaribu kuwaambia huyohuyo jamaa ana vitabu zaidi ya kumi vya mashairi na picha, utasikia kicheko fulani cha puani, kile cha "aah, mastaa na hobi zao bwana". Mi naanza na hicho kicheko, manake kina hoja ndani yake, ila hoja yenyewe imekaa upande.

Wanaocheka wanasema staa anatumia jina kuuza kitu ambacho mtu wa kawaida angekipeleka kwa wachapishaji kikarudishwa hata kabla hakijafunguliwa. Kwa mastaa wengi ni kweli kabisa, tusidanganyane. Ila kwa Mortensen tarehe zinagoma. Kitabu chake cha kwanza cha mashairi, Ten Last Night, kilitoka 1993, na mwaka huo alikuwa nani? Alikuwa yule anayeingia dakika chache kwenye Carlito's Way, yuko kwenye kiti cha magurudumu, anatolewa na sisi tunarudi kumwangalia Al Pacino. Mwaka 1998 akaja na Recent Forgeries, kitabu kilichotokana na maonyesho yake ya kwanza ya peke yake, utangulizi akaandikiwa na mwigizaji mwenzake, Dennis Hopper. Mwaka huohuo kwenye A Perfect Murder akaigiza mchoraji, na ile michoro unayoiona mle ndani kaichora mwenyewe. Aragorn anakuja 2001. Yaani umaarufu ulimkuta makabati yameshajaa, na ukitaka ushahidi chukua Coincidence of Memory ya 2002, mle kuna kazi zinazoanzia 1978, yuko bado chuo, anasoma Kihispania na siasa, hajulikani na mtu.

Kwa hiyo "anatumia jina" tuiweke pembeni kwanza, tutairudia kwa mlango mwingine. Swali linalonikera zaidi ni kwa nini mwigizaji akitafuta kazi ya pili anaangukia mara nyingi kwenye shairi na kamera. Mbona si riwaya? Mbona si kuchonga mawe? Na si yeye tu, Leonard Nimoy alifanya yote mawili miongo kabla yake, Hopper alipiga picha, Jeff Bridges anapiga mpaka leo, Jessica Lange hivyohivyo. Hii si bahati tu, kuna kitu kwenye kazi yenyewe ya kuigiza kinawasukuma huko.

Mi naona viko viwili. Cha kwanza ni kusubiri. Watu wanafikiri seti ya muvi ni pilikapilika kutwa nzima, kumbe sehemu kubwa ya siku mwigizaji amekaa. Taa zinahamishwa, mtu wa sauti analalamika kuna ndege inapita, nguo inabanwa upya na pini, jua limekimbilia nyuma ya wingu basi wote mnaangalia juu, na mwisho wa siku mmepata dakika chache za kitu kitakachoonekana. Riwaya huwezi kuiandika kwenye masaa yaliyokatikakatika hivyo, wanaoweza wapo ila ni majini. Shairi la mistari minane unaweza. Picha moja ndo kabisa.

Cha pili, na hiki ndo kikubwa, mwigizaji hamiliki anachokifanya. Maneno kaandika mwingine. Pa kusimama pamewekewa alama ya gundi sakafuni, ukisogea hatua moja umetoka kwenye fokasi. Lenzi kachagua mpiga picha wa filamu, halafu miezi inapita, mtu anayeediti amekaa kwenye chumba cha giza na ndo anaamua wewe ulilia vipi. Teki, yaani rudio moja la tukio mbele ya kamera, ambayo ulijimwaga mpaka ukabaki unatetemeka inatupwa kwa sababu mwenzako mle ndani alipepesa macho, inachukuliwa ile ya tatu ambayo wewe ulikuwa unafikiria chakula. Unaenda sinema unajikuta ni mtu mwingine. Ukifanya kazi hiyo miaka thelathini, hamu ya kuwa na kitu ambacho wewe ndo unakata inakuwa kama kiu. Na sanaa ambazo ni kukata tupu ndo hizo mbili, mpiga picha anakata ulimwengu kwa fremu, anaamua nini kibaki nje, mshairi anaamua mstari unavunjika wapi na nini kisisemwe. Mtu aliyekatwa kutwa anaenda kujifungia mahali ambapo mkasi anao yeye.

Mwangalie Bridges na ile Widelux yake, kamera ya ajabu kidogo, lenzi haitulii, inageuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine na mwanga unaingia kwenye filamu kupitia mwanya mwembamba, ndo mana picha inatoka ndefu kama mkanda. Kwa vile inachukua muda kufika ng'ambo, mtu anaweza kusimama kushoto akakunja sura ya msiba, lenzi ikimpita anazunguka mbio nyuma ya mpiga picha, anaibukia kulia na sura ya kicheko, na kwenye picha moja, bila ujanja wa kompyuta, yuko mara mbili. Bridges amewapiga waigizaji wenzake wengi hivyo, zile sura mbili za tamthilia za kale, na amezoea kutengeneza vitabu vya picha za seti anawapa wafanyakazi wenzake muvi ikiisha. Ukizitazama vizuri unaona kitu ambacho muvi haitaki ukione: nyaya, viti vya kukunja, mtu wa mekapu kaegemea ukuta amechoka, staa amevaa joho la kifalme na chini kandambili za kuogea. Ni muda wa kusubiri umegeuzwa kuwa kazi.

Hopper naye ni stori hiyohiyo ila kali zaidi. Mwaka 1958 aligombana na mwongozaji wake Henry Hathaway kwenye muvi moja, na baada ya hapo Hollywood ikamfungia vioo kwa miaka. Picha zake nyingi kubwa ni za 1961 mpaka 1967, alipiga wasanii wa Los Angeles, alipiga mitaa, 1965 alikuwa kwenye maandamano ya Martin Luther King kutoka Selma kwenda Montgomery. Na alikuwa hapunguzi picha kingo, kilichoingia kwenye fremu ndo hichohicho anachosafisha. Alipopata nafasi ya kuongoza muvi yake mwenyewe, kamera akaiweka chini. Mi naona hapo pana maana: siku alipopewa mkasi mkubwa, ule mdogo hakuuhitaji tena.

Basi turudi kwa Mortensen, ambaye mkasi mdogo hakuuacha hata mambo yalipomnyookea. Mwaka 2002, hela na jina la Aragorn vikiwa bado vya moto, yeye na Pilar Perez wakaanzisha kampuni ndogo ya uchapishaji, Perceval Press, huko California. Jina ni la yule shujaa wa hadithi za King Arthur. Mtu mwingine angenunua mgahawa au angetoa manukato. Yeye kanunua, tuseme hivyo, haki ya kutomwomba mtu ruhusa. Ndani ya miaka miwili hiyo 2002 na 2003 vitabu vikamiminika, SignLanguage chenye kazi alizozifanya akiwa New Zealand kwenye muvi, Hole in the Sun, Miyelo, 45301, na 2004 The Horse Is Good ambacho ni farasi tupu, farasi wa New Zealand, wa Moroko, wa Argentina, wa Iceland, farasi kama wenzake wa kazini, na jamaa kweli aliwapenda maana kuna farasi wa muvi aliowanunua kabisa baada ya kazi kuisha.

Nitasimama kwenye Miyelo kidogo kwa sababu naona ndo mahali kazi zake mbili zinagombana hadharani. Mwaka 2004 ilitoka muvi inaitwa Hidalgo, yeye ndo staa, mpanda farasi wa Marekani anayeenda kushindana mbio jangwani Uarabuni. Mapema kwenye muvi yanakuja mauaji ya Wounded Knee, pale South Dakota, 29 Desemba 1890, wanajeshi wa Marekani walipoua watu wengi wa Walakota, wenyeji wa asili wa huko, wakiwemo wanawake na watoto, kipindi ambacho serikali ilikuwa imeingiwa na woga kwa sababu ya ile ngoma ya kiibada, Ghost Dance, ambayo Walakota waliicheza wakiamini wafu wao watarudi na nchi yao itarudi. Sasa kwenye muvi, yale mauaji yana kazi moja tu, kumpa shujaa wetu jeraha la moyoni ili tumwonee huruma huko mbele akiwa juu ya farasi. Watu wanakufa ili shujaa mmoja awe na huzuni nzuri. Kwenye kurekodi, Walakota wakaicheza ile ngoma, na Mortensen, akiwa na kamera yake, akapiga picha ndefu za mlalo, na kitabu kikatoka nazo pamoja na maelezo ya historia ya yaliyotangulia mauaji yale. Shujaa hayumo. Hakuna farasi wa mashindano, hakuna jeraha la mtu mmoja, ni wachezaji tu, upana mzima wa ukurasa.

Unaweza kuuliza, na ni haki yako, huyu mtoto wa baba wa Denmaki na mama Mmarekani anatafuta nini kwenye ibada ya watu, si ndo yaleyale? Mi sina jibu la kukata, na hiyo ngoma ilichezwa mbele ya kamera za Hollywood ambazo zingeirekodi awepo asiwepo. Ila linganisha vitu viwili vilivyotoka mahali pamoja, wiki zilezile, mtu yuleyule, halafu niambie kipi kina aibu zaidi. Muvi aliyokatwa na wenzake inamweka katikati, na kitabu alichokata mwenyewe kimemtoa. Hapo ndo niliacha kukiita hobi.

Hole in the Sun ni kinyume chake kabisa, hakuna historia wala watu wa kuwaonea huruma, ni bwawa la kuogelea la uani, la nyumbani, Marekani. Basi. Kitabu kizima, rangi na nyeusi-nyeupe. Ukisikia hivyo unaona ni ujinga, lakini maji ya bwawa yana hii tabia, mwanga unaandika juu yake halafu unafuta, na ukipiga picha ya kwanza umepata maji, ya kumi umepata maji, huko mbele ghafla hujui tena unaangalia nini, ngozi au mbingu au karatasi iliyokunjwa. Mi kwenye kazi zake zote ndo ninachokirudia zaidi. Hakitaki nijue yeye ni nani.

Na hapo ndo nafika kwenye mashairi, na hapa wapenzi wake watanisamehe. Mashairi yake mengi ni mafupi, ni huru, hayana vina wala mizani, na hilo si kosa, hata kwetu ugomvi wa wanamapokeo, wanaodai vina na mizani, na wanamabadiliko, wasiovitaka, ulishachosha watu miaka hiyo. Shida yangu ni nyingine. Mengi yanaongea na "wewe" ambaye hatumjui, kuna chumba, kuna safari, kuna mtu ameondoka, na kwa vile mwandishi ni staa, msomaji anaacha kusoma shairi anaanza kupeleleza. Huyu ni Exene Cervenka, yule mwimbaji wa punk aliyekuwa mkewe? Au mwingine? Shairi la mtu asiyejulikana likisema "umeondoka" nasikia kuondoka, shairi la staa likisema hivyo nasikia udaku. Ndo pale nilisema tutairudia ishu ya jina, jina halikumsaidia kuandika, lakini linamharibia anavyosomwa. Picha ya bwawa haina tatizo hilo. Kwenye picha yeye yuko nyuma ya lenzi, kwenye shairi kila "mimi" ina sura ya Aragorn.

Ila kuna sababu ya pili ambayo si kosa la msomaji. Mashairi yale yalihitaji mtu wa kuyakata. Yapo mazuri, yale yanayogusa utoto wake, manake huyu mtu alikulia Venezuela na Argentina mpaka wazazi wakaachana yeye ana miaka 11, ndo akahamia kaskazini mwa New York, na mpaka leo ni shabiki wa kufa wa San Lorenzo, timu ya mpira ya Buenos Aires. Ameandika kwa Kiingereza, kwa Kihispania, kwa Kidenmaki, na hiyo hali ya kutokuwa na nyumba moja ya lugha inaleta mistari iliyokauka vizuri, haina mapambo. Lakini ubavuni mwa shairi zuri unakuta manne ambayo ni kurasa za daftari tu, na mhariri yeyote mkali angeyarudisha kwenye daftari. Nani atamwambia? Kampuni ni yake! Ule uhuru aliokimbilia, wa kutokatwa na mtu, ndo huohuo unaomwangusha. Kule kwenye muvi walikuwa wanamkatia hata kilicho kizuri, huku kwake hata kilicho dhaifu kinapita.

Nimemtaja Nimoy na ni lazima nimrudie kwa sababu kwake jambo hili lilitatuliwa vizuri zaidi, tena kwa bahati. Wengi wanamjua ni Spock, yule mwenye masikio yaliyochongoka kwenye Star Trek, tamthilia ya TV ya safari za anga, 1966 mpaka 1969, masikio yale yakamganda usoni mpaka akaandika kitabu 1975 kusema yeye si Spock, na kingine 1995 kukubali kwamba ndiyo, ni Spock. Katikati hapo alikuwa amesomea upigaji picha chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles, na 1973 akatoa You & I, mashairi yake na picha zake pamoja. Mashairi, kusema ukweli, ni ya kadi za salamu. Picha nazo kwa miaka zilikuwa zile za mwanamke mrembo, mwembamba, mwanga laini, mtu angeweza kuzipita bila kusimama. Hata Shekhina ya 2002, iliyochanganya miili ya wanawake na vazi la ibada ya Kiyahudi na kuwaudhi baadhi ya watu mpaka kuna mialiko ya kuzungumza ikafutwa, miili yenyewe bado ilikuwa ileile ya magazeti.

Halafu siku moja baada ya kuonyesha kazi zake mwanamke mnene akamfuata akamuuliza kama angependa kupiga mwili wa aina yake. Hakuna dairekta, hakuna prodyuza, ni swali tu kutoka kwa mtu aliyekuwa anatazama. Likazaa The Full Body Project ya 2007, wanawake wanene uchi, wanaitazama kamera machoni, wengine wanacheka, wamepangwa kama kwenye michoro na picha maarufu ambazo siku zote zilikuwa za wembamba. Ni kazi yake bora, mi sioni hata ubishi, na haikutoka kwenye upweke wa msanii na kamera yake, ilitoka pale alipomruhusu mtu mwingine ashike mkasi dakika moja. Huyo Nimoy kitu kingine kinanichanganya, siku chache kabla hajafa Februari 2015 aliandika mtandaoni kwamba maisha ni kama bustani na nyakati kamilifu haziwezi kuhifadhiwa isipokuwa kwenye kumbukumbu. Mpiga picha huyo! Kashika kamera tangu ana miaka 13, halafu anasema hazihifadhiki. Kwa hiyo zile picha zote zilikuwa za nini, baba? Naona alikuwa anajibu mwenyewe, zilikuwa za kuwa na kazi ya mikono wakati wengine wanaamua juu ya sura yake.

Mortensen sasa na yeye anaongoza muvi. Ya kwanza, Falling, ilitoka 2020, na chanzo chake ni chanzo cha mshairi kabisa, alianza kuandika vipande vya kumbukumbu ndani ya ndege akitoka kumzika mama yake, vipande vikawa stori, stori ikawa skripti. Akaandika, akaongoza, akatunga na muziki. Na bado ikambidi aigize mle ndani, kwa sababu bila sura yake hela za kutengenezea zilikuwa ngumu kupatikana. Ona hilo, mwaka 2020, mtu ana vitabu zaidi ya kumi, ana kampuni, anashika kila kitu, na kwenye muvi wanachotaka ni uso. Hopper alipopata muvi yake aliweka kamera chini, huyu sidhani kama ataiweka, na sidhani kama aiweke.

Ninachomtakia ni kidogo. Perceval imewachapisha wengine kwa uangalifu mzuri tu, 2003 walitoa kitabu cha kupinga uvamizi wa Iraki kipindi ambacho Marekani kusema hivyo kulikuwa na gharama, 2009 wakatoa mkusanyiko wa washairi wapya wa Argentina kwa Kihispania, na kitabu kama hicho hakijikusanyi chenyewe, lazima mtu akae aseme hili liingie na hili libaki nje. Kwa hiyo macho ya kuchagua mle ndani yapo. Amwite mmoja wa hao, amfungie chumbani na daftari zake zote, ampe ruhusa ya kuwa katili, na kitabu kijacho kitoke na picha hamsini na mashairi sita. Nitakinunua siku ya kwanza.